Kamati ya Mtu Aliye Hai

Jamleck Kuria alistaafu siku ya Ijumaa, na kufikia Jumatatu saa nne asubuhi mkewe alikuwa ameshamchoka.

Wanjira asilaumiwe. Alikuwa na chumba chake cha ushonaji kando ya nyumba yao pale Muthangari, na chumba chenyewe kilikuwa nusu cherehani, nusu baraza. Wanawake walifika na vitambaa, wakaondoka na habari. Nani kahama bila kuaga, nani kanunua gari la pili ilhali la kwanza liko juu ya mawe, mchungaji gani kashonewa suti na nani; yote yalipimwa, yakakatwa na kushonwa humo kabla ya chakula cha mchana. Sasa mwenye baraza akaletewa mume mzima wa miaka hamsini na mitano, mwenye nguvu zake, asiye na pa kwenda.

Na hakuwa mume wa kukaa kimya na gazeti. Jamleck alikuwa afisa wa itifaki serikalini, yule mtu ambaye kwenye sherehe huamua nani akae wapi, nani aseme kabla ya nani, na hema lielekee upande gani ili jua lisimpige waziri usoni. Mtu kama huyo ukimrudisha nyumbani hatulii. Siku ya kwanza alipanga vikombe kabatini kwa vyeo: vya wageni mbele, vya familia nyuma, na kile kilichovunjika mkono akakistaafisha. Siku ya pili aliingia chumba cha ushonaji, akasimama mlangoni, mikono nyuma, akawaomba akina mama wazungumze mmoja mmoja kupitia kwa mwenyekiti.

"Na mwenyekiti ni nani?" mama mmoja akauliza, pini mdomoni.

"Kwa sasa nitashikilia mimi."

Wanjira akaweka mkasi chini polepole. "Baba Debra, si uende town kidogo. Huko kuna watu wengi hawajapangwa."

Akaenda. Alizunguka mjini wiki nzima na suti yake ya kijivu, akitazama jiji linavyojiendesha vibaya. Foleni za benki hazikunyooka. Wahubiri wa bustanini walipokezana bila ratiba. Alisimama Westlands mbele ya duka jipya lililokuwa likifunguliwa, akaona utepe umefungwa kabla viti havijafika, na moyo ukamuuma kama mtu aliyeona mtoto wake akipigwa.

Kisha Mungu akamwita Kihara, jirani yao.

Nairobi mtu hafi hivi hivi tu. Akishakata roho, jioni hiyo hiyo jamaa na majirani hukodi chumba cha juu cha hoteli fulani mjini, huagiza chai, na kuunda kamati. Mwenyekiti, katibu, mweka hazina. Halafu kamati ndogo ya usafiri, ya chakula, ya hema na viti, na ya kile kijitabu chenye picha ya marehemu mbele na ratiba ndani. Hukutana kila jioni mpaka siku ya maziko. Kuna wanaume mjini humu ambao wake zao wamezoea kuwapikia tu siku ambazo hakuna aliyekufa.

Kamati ya Kihara ilikuwa inakutana hotelini kwa Mwololo, River Road, ghorofa ya pili, juu ya duka la misumari na rangi. Jamleck alipoingia akakuta vurugu. Kaka wawili wa marehemu kila mmoja alikuwa anajiita mwenyekiti. Katibu alikuwa amelala juu ya daftari. Mtu mmoja alikuwa amesimama juu ya kiti anaeleza habari za shamba ambalo halikuhusiana na Kihara hata kidogo.

Jamleck akainua mkono. "Hoja ya utaratibu."

Aliyekuwa juu ya kiti akashuka. Alikuwa na ile sauti ya watu wa itifaki, isiyopanda wala kushuka, inayokufanya ujikague kama vifungo vyako vimefungwa. Kufikia chai ya pili alikuwa amekalia kiti cha mbele. Na siku ya kuzika, mashahidi wapo, Kihara alizikwa kama balozi. Kwaya haikumkatiza mchungaji, mchungaji hakumkatiza chifu, na shemeji wa Thika aliyezoea kukaa mstari wa wafiwa wenyewe alinyanyuliwa kwa heshima, akapelekwa alikostahili. Watu walirudi mjini wakiulizana huyu mzee alikuwa wapi siku zote.

Hapo ndipo Jamleck Kuria alipozaliwa mara ya pili. Alinunua simu ya pili. Akachapisha kadi zilizoandikwa jina lake na, chini yake, neno moja: Mwenyekiti. Hakuna aliyeuliza wa nini. Alizika Wakikuyu, Waluhya, Wajaluo na Wakamba, akajua desturi za kila kaburi, akajua ni ukoo gani lazima uzungumze na ni ukoo gani ukipewa nafasi hautairudisha. Wanjira akapata baraza lake. Nyumba ikatulia. Alikuwa anatoka asubuhi akipiga mluzi na kurudi jioni na njaa ya mtu aliyefanya kazi.

Shida ilikuwa moja, ndogo. Watu walianza kumwogopa.

Hawakuwa na chuki naye. Lakini ukimwona Jamleck anakuja mtaani kwenu, ulirudi ndani kuhesabu wazee wako. Akikusalimia na kukuuliza mama anaendeleaje, ulipiga simu nyumbani kabla hajakunja kona. Alipomtembelea mgonjwa fulani wa kanisani na kikapu cha matunda, mgonjwa aliona tai, akaona kiatu kilivyong'arishwa, akageukia ukuta akaanza kusali kwa lugha ya mama yake. Kwenye baraza la Wanjira walisema ana tabia ya kukutazama kuanzia kichwani hadi miguuni, halafu upana wa mabega.

"Ananipima?" mama mmoja aliuliza.

"Hapana, ni macho tu," Wanjira akasema. "Na hata akikupima, wewe ni lazima upimwe mara mbili."

Mtu mmoja tu hakumwogopa, naye ni Zedekiah Sifuna. Sifuna alikuwa dereva wa ofisi ile ile, wakastaafu mwaka mmoja. Miaka ishirini walikuwa wakibeba viti pamoja kabla ya kuchomoza jua, Jamleck akitoa amri, Sifuna akimtukana kwa upole. Hata sasa walikutana Kangemi, kwenye kibanda cha chai, wakicheza drafti.

"Kuria, mimi nikifa usinipangie," Sifuna alikuwa akimwambia. "Utanichelewesha. Nitafika kwa Mungu nimekaa mstari wa nne."

"Wewe ni dereva. Madereva hukaa kwenye gari."

Mwezi wa saba mwaka wa 2006, Sifuna akaanguka papo hapo kibandani. Alikuwa na vidonda vya tumbo vya siku nyingi, akivitibu kwa maziwa na ubishi, na siku hiyo vilipasuka, akatapika damu. Jamleck ndiye aliyemfikisha hospitali ya misheni upande wa Dagoretti. Daktari alikuwa kijana mtaratibu. Alimwita Jamleck na Namalwa, mke wa Sifuna, akawaambia bila kuzunguka: lazima apasuliwe Jumamosi, na haiwezekani kumpasua bila damu, na akiba yao ya damu imeisha. Waende walete watu. Kumi wakipatikana, vizuri. Wasipopatikana, hakumaliza sentensi.

Namalwa alimshika Jamleck mkono. Alikuwa mama mnene wa Bungoma, mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya mto, lakini siku hiyo aliongea kwa kunong'ona. "Baba Debra, wewe unajua kukusanya watu. Sijawahi kuona mtu anajua kukusanya watu kama wewe."

"Mama Sammy, hiyo niachie," Jamleck akasema.

Ilikuwa Jumatano. Alitoka nje, akatoa simu zote mbili, akampigia Shem. Shem alikuwa na mabasi mawili na alikuwa mwenyekiti wa kudumu wa kamati ndogo ya usafiri, yeyote awaye marehemu. Jamleck alimwambia maneno machache tu: Sifuna yuko hospitali, hali si nzuri, tukutane kwa Mwololo jioni, waambie watu.

Watu waliambiwa. Walijaa mpaka kwenye ngazi. Mwololo aliazima viti kwa kinyozi wa chini. Jamleck alipofika akaona nguo nyeusi kila upande, na Ajwang, mama wa kamati ndogo ya chakula, akiwa ameshafunga kitambaa cha kazi kichwani. Moyo wake ulifurika. Akawaza, kumbe Sifuna anapendwa hivi.

Kabla hajafungua mkutano Shem akasimama. "Mwenyekiti, niripoti haraka. Basi zote mbili ziko free kwenda Bungoma. Tunaondoka Ijumaa jioni, tunalala njiani, tunafika mapema."

"Chakula pia iko sawa," Ajwang akasema. "Sufuria nimepata. Lakini hawa watu wa Bungoma wasituletee kuku mgumu, mimi nawajua."

"Tumsimamie dakika moja," akasema mtu wa nyuma, na chumba kizima kikasimama, vichwa chini.

Jamleck akabaki ameketi, mdomo wazi. Dakika ilipokwisha akakohoa. "Ndugu zangu. Sifuna hajafa."

"Hajafa saa ngapi?" Shem akauliza.

"Hajafa kabisa. Anapumua. Leo amekunywa uji."

Watu wakatazamana kama wasafiri walioambiwa treni haipo. Ajwang akafungua kile kitambaa kichwani, akakikunja, akakitia mkobani. "Sasa, mwenyekiti, na heshima zote," akasema, "tumeitwa kufanya nini?"

Jamleck akawaeleza. Damu. Watu kumi. Kabla ya Jumamosi.

Hapo ndipo alipogundua kwamba ameketi na wagonjwa. Chumba kilichokuwa na afya ya kwenda Bungoma na kurudi kikaanza kuugua mbele ya macho yake. Huyu alikuwa na presha. Yule alitoka malaria juzi, na malaria yenyewe ilikuwa ile mbaya. Mwingine alisema damu ya kwao ni kidogo, ni ya familia. Shem alisema yeye ni dereva, na dereva akipungukiwa damu ni hatari kwa umma.

"Na si huwa wanaipima?" mtu akauliza kutoka kwenye ngazi.

"Wanaipima, ndiyo. Ni lazima ipimwe."

"Wanapima kila kitu? Hata ile kitu?"

"Hata hiyo."

Viti vikaanza kusogea. Miaka hiyo kila ukuta ulikuwa na bango la kumhimiza mtu ajue hali yake, na kila mtu alikuwa anahimiza mwingine. Mzee mmoja aliyejulikana kwa nyumba mbili, moja halali na moja Kawangware, aliondoka kabla chai yake haijapoa, na kumwacha Mwololo akishangaa, kwa kuwa hajawahi kuiacha.

Waliobaki walipendekeza, na pendekezo likaungwa mkono, kwamba kamati isivunjwe. Iahirishwe tu. Mabasi yakae tayari, sufuria zikae tayari, na mwenyekiti awajulishe endapo kutakuwa na mabadiliko.

Jamleck alirudi Muthangari miguu ikiburura. Wanjira alikuwa anamalizia kola ya sare. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kuinua macho, jambo ambalo si kawaida yake.

"Wewe umewaita kama daktari," akasema. "Ukiwaita kama daktari watakimbia. Mimi nimewajua hao watu kwa nguo zao. Hakuna aliyewahi kunishonesha suti ya kwenda kudungwa sindano. Wanashona suti ya kuonekana. Waite kama unavyowaita siku zote, na basi, na hema, na majina yao kwenye ratiba. Mtu ukishaandika jina lake na cheo chake kwenye karatasi, atatoka kitandani akiwa mahututi."

Jamleck akaanza kutabasamu.

"Na wewe mwenyewe umetoa?" Wanjira akauliza.

Tabasamu likafa. Jamleck Kuria, aliyezika nusu ya Nairobi, alikuwa anaogopa sindano. Alipokuwa akichanjwa kazini aliwahi kuzimia akaangukia sanamu ya rais wa nchi jirani, na ofisi ikaandika barua ya kuomba radhi.

"Mwenyekiti huratibu," akasema.

"Haya. Ratibu." Akairudia kola yake.

Alhamisi asubuhi alishuka River Road kwa Odhiambo, mchapishaji wake. Odhiambo alikuwa amechapisha vijitabu vya Jamleck vingi kiasi kwamba hakuwa akivisoma tena. Jamleck alimwachia picha ya Sifuna, wasifu mfupi, na karatasi ya ratiba aliyoiandika kwa mkono: majina ishirini, kila mmoja na cheo chake, kila mmoja na nafasi yake. "Shem, Mwenyekiti, Kamati Ndogo ya Usafiri." "Mama Ajwang, Kamati Ndogo ya Chakula." Chini ya vyeo akaandika kwamba kila aliyetajwa ataongoza katika kuchangia damu. Kisha akakimbilia habari za hema, na za spika, na za kumbembeleza sista mkuu wa hospitali akubali hema lisimame kwenye nyasi, mbele ya chumba cha kutolea damu. Vijitabu alivichukua Shem, akavigawa mji mzima jioni hiyo.

Jamleck hakukiona kijitabu mpaka Ijumaa asubuhi, hemani. Odhiambo alikuwa amefanya kazi nzuri. Karatasi ya kung'aa. Picha ya Sifuna, nywele zote za mwaka wa themanini zikiwemo. Juu ya picha, msalaba. Pembeni, njiwa na waridi. Chini, kwa herufi za dhahabu: Lala Salama Zedekiah Sifuna, 1949 hadi 2006. Kwa nini Odhiambo angeuliza? Mteja alikuwa Jamleck.

Na watu walikuja. Si ishirini. Basi la kwanza lilishusha, likarudi kuchukua wengine. Madereva wenzake wa serikali walifika na magari, wakiwa wamefunga vitambaa vyeusi kwenye vioo vya pembeni. Kwaya ya kanisa la Kangemi ilifika na sare. Alikuwepo pia bwana mmoja mwenye miwani nyeusi aliyekuwa anautaka udiwani mwaka unaofuata, na ambaye hakuwahi kukosa maziko yenye spika. Kwaya ikaanza, taratibu, na wanawake wakaitikia kwa kilio.

Namalwa alikuwa anatoka wodini na chupa ya chai. Akaona umati. Akina mama wawili wakamkimbilia, wakamkumbatia kila mmoja upande wake. "Mama Sammy, jikaze. Ni mapenzi yake."

Chupa ikaanguka. Namalwa akageuka, akarudi wodini kwa mbio ambazo hakuna aliyejua anazo. Ndani ya dakika chache akatoka tena, akatembea moja kwa moja kupita kwaya, kupita mheshimiwa mtarajiwa, akamshika Jamleck tai.

"Kuria," akasema, na sasa sauti ya ng'ombe ilikuwa imerudi. "Bwana yangu amekaa kitandani anasikiliza akiimbiwa. Ameniuliza ni nani amekufa. Nimwambie nini?"

"Mama Sammy, ni mchapishaji."

"Kwetu mtu aliye hai haliliwi. Ukimlilia unamwita aende. Wewe unajua hiyo. Umetuzika sisi mpaka unajua yote."

Alikuwa anajua. Namalwa akaiachia tai, akasimama hapo hapo, mikono kiunoni, akingoja.

Shem akasogea sikioni kwa Jamleck. "Mwenyekiti, usiwaambie. Sema familia imeomba watu watoe damu kwa kumkumbuka marehemu. Watapanga laini. Wakishamaliza ndio tuseme amefufuka. Si ulikuwa kwa Mwololo? Uliwaambia ukweli, ukabaki na vikombe."

Shem hakuwa mjinga. Watu hawa ukiwaambia Sifuna yu hai, watakumbuka presha zao. Ukiwaambia amekufa, watatoa damu, na kesho jiji zima litajua kwamba Jamleck Kuria alimzika mtu aliye hai hadharani. Hakuna atakayemwita tena hata kumpangia viti. Na hata hilo angelimeza. Lakini mle wodini, nyuma ya dirisha lililo wazi, alikuwa Sifuna, akisikia kila neno la spika. Angelala pale akasikia rafiki yake anamwita marehemu. Na kesho ndiyo alikuwa anaingia kisuni.

Jamleck akachukua maikrofoni.

"Ndugu zangu, kwaya tafadhali. Asante. Sifuna hajafa. Kijitabu kimekosea. Yuko dirisha lile la tatu na anatusikia. Kesho anapasuliwa, na akikosa damu yetu, hiki kijitabu kitakuwa sahihi."

Vilio vikakatika kama bomba lililofungwa. Watu wakaanza kuinuka kwa ule ujanja wa Nairobi, mtu anapokea simu ambayo haikulia. Kutoka dirisha la tatu mkono mwembamba ukatokea, ukapunga. Mwanamke mmoja akazimia.

"Ratiba haijabadilika," Jamleck akaendelea, na sauti yake haikupanda wala kushuka. "Kipengele cha kwanza. Mwenyekiti."

Akavua koti, akampa Namalwa. Akakunja mkono wa shati. Waya wa maikrofoni ulikuwa mrefu, naye kwa mazoea hakuiachia. Akaingia nayo chumba cha kutolea damu, akalala nayo kitandani. Kwa hiyo hema zima lilisikia. Lilisikia sista akisema legeza mkono, mzee. Lilisikia pumzi ya Jamleck, ndefu, ikitetemeka, halafu kitu kama "ai" kidogo sana, cha mtoto. Halafu kimya kirefu. Mtu akasema amekwenda.

"Sijaenda," spika zikasema. "Kipengele cha pili. Namkaribisha Bwana Shem, Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Usafiri. Bwana Shem, tunakuona."

Hakuwa anamwona, alikuwa anatazama dari. Lakini vichwa vyote viligeuka. Shem alikuwa tayari kwenye ngazi ya basi lake, mguu mmoja ndani. Ameitwa jina na cheo, mbele ya madereva wenzake, mbele ya mama mkwe wake. Hakuna Mkenya aliyewahi kutoka salama mahali hapo.

"Mimi nina presha," akasema.

"Sista ana mashine ya presha," spika zikajibu. "Na kwa wale wanaojiuliza, majibu ya vipimo ni siri. Ni yako peke yako. Hayasomwi hapa."

Hapo mabega mengi yalishuka. Shem akaingia. Presha yake ilikuwa ya kijana. Alipotoka, pamba mkononi na soda kwenye mkono mwingine, alikuwa mtu mwingine kabisa. Alikwenda akasimama mlangoni pa basi, akatangaza kwamba halitaondoka na mtu aliyekwepa. Kama yeye, dereva, ametoa, basi hata abiria watatoa.

Ajwang aliitwa, akaenda akilalamika njia nzima kwamba sindano haiwezi kufikia mshipa, mwili ni mwingi, ikafikia. Waliitwa madereva, wakaenda kwa mpangilio wa madaraja yao. Mheshimiwa mtarajiwa akanyoosha mkono akasema ana machache ya kusema.

"Kwanza kitandani, mheshimiwa, halafu maikrofoni," Jamleck akasema. Alikuwa ameshahamia kiti cha plastiki, rangi imemtoka, lakini ratiba iko pajani. Yule bwana akatazama umati, akahesabu kura, akavua saa. Alitoa damu, na alipopewa maikrofoni hatimaye akakuta kizunguzungu kimempokonya hotuba yote isipokuwa jina lake.

Watu wengine walirudishwa na sista: mmoja mwembamba mno, mwingine alikuwa amekunywa tangu asubuhi kwa huzuni. Hao nao walitajwa kwa spika, kwamba wamejitolea na heshima yao imepokelewa, wakapiga vifua. Mpaka saa kumi chumba kilikuwa kimepata damu ya kumtosha Sifuna na ya kuwasaidia wengine, na watu ambao hawakuitwa walikuwa wanakuja kwa katibu kunung'unika kwa nini majina yao hayapo.

Jumanne Jamleck alikwenda kumwona rafiki yake. Kwenye ngazi za hospitali simu moja ililia. Ilikuwa familia moja ya Uthiru iliyokuwa imemwomba awaongozee msiba wao. Walimwambia kwa adabu kwamba wamepata mtu mwingine. Baba yao amekufa kweli, walisema, na hawataki mambo ya kubishana. Ilikuwa simu ya tatu ya namna hiyo tangu Ijumaa. Akasimama kidogo pale kwenye ngazi, akaitia simu mfukoni, akapanda.

Sifuna alikuwa amekaa akiegemea mto, mnyonge, tumbo limefungwa bendeji, kijitabu chake kimesimamishwa juu ya kabati kando ya dawa.

"Nimekisoma," akasema. "Wasifu wangu una aya mbili. Miaka thelathini na moja ya kazi, Kuria. Kihara alikuwa na kurasa nne, na alikuwa anauza misumari."

"Wewe haukuwa umekamilika."

"Na hii damu. Sista anasema huwezi kujua ni ya nani. Lakini mimi najua iko ya Shem, kwa sababu tangu Jumapili nataka kubishana juu ya nauli." Akacheka, akashika tumbo, akaacha kucheka. Kisha akatazama shuka. "Nilikusikia pale uliposema ai."

"Ilikuwa ni maikrofoni."

"Ndiyo. Ilikuwa maikrofoni."

Kwenye kitanda cha jirani alilala mwanamume wa makamo, ngozi yake kama majivu, binti yake ameketi miguuni. Binti alikuwa amemtazama Jamleck tangu aingie. Akajikaza, akasogeza kiti. "Mzee, samahani. Ni wewe wa ile hema ya Ijumaa? Daktari ametuambia baba naye anahitaji watu. Tumepigia ndugu zake wote. Kila mtu anasema atatuombea."

Jamleck akamtazama mgonjwa, kuanzia kichwani hadi miguuni. Mgonjwa naye akamtazama, hakugeuka.

Jamleck akavuta kiti, akaketi katikati ya vitanda viwili, akatoa kalamu mfuko wa ndani.

"Tuanze na hao ndugu," akasema. "Kwenu, ni nani hupenda sana kuitwa kwa maikrofoni?"